Korido ya Mikono Miwili

3 Februari

Kwa baba, mkata nguo asiye na mpinzani,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na mkasi haujapata kutu. Huku sisi wazima. Shangazi anakusalimu, anasema miaka sita ni mingi kwa mtu kukaa mbali akikata sare za watoto wa wenzake, urudi uone wako alivyorefuka. Mimi mwenyewe sijambo, ila jino la nyuma linanipigia ngoma tangu Jumatatu.

Ramani nimeipokea. Niliifungua kiwanjani mbele ya Fundi Pimamaji. Huyo ni mwashi tuliyemkubali, na tunamwita hivyo kwa sababu hata akiletewa chakula anainama kuangalia kama sahani imelala sawa. Aliitazama ile karatasi yako ya kaki, akaigeuza juu chini, akaniuliza, "Kijana, hii ni nyumba au suruali?" Nikamwambia baba yangu ni mkata nguo, kwake kila kitu ni suruali, wewe tafuta kiuno kiko wapi.

Sasa nisikilize mimi, niliyeiacha shule ikiwa bado inanihitaji. Ramani yako ina kasoro tatu.

Kwanza korido. Kutoka chumba chako hadi jikoni umechora kitu chembamba ambacho hata mbuzi wawili hawapishani. Nimeipima kiwanjani kwa vigingi na kamba, nikasimama katikati nikanyoosha mikono, haikunyooka. Wenzetu wanajenga sebule za kuchezea mpira, sisi tunajenga mfereji.

Pili choo. Umekibandika ubavuni mwa kitanda chako. Mgeni akibanwa itabidi apite chumbani, akuamkie, akuulize hali, ndipo ajisaidie?

Tatu mlango wa mbele. Hauna ngazi hata moja. Nyumba imelala chini kama mkeka. Nyumba ya heshima mtu anaipanda, baba, haingii tu kama anaingia stoo.

Halafu kando ya kila kipimo cha inchi umeandika hatua. Kitanda hadi choo, tatu. Kitanda hadi mlango, nne. Korido hadi jikoni, tisa. Hii ni nyumba au gwaride? Na hizo ni hatua za nani, zako au zangu? Maana kukuambia kweli, mimi sasa nakupita kichwa.

Niruhusu niiboreshe. Penseli ninayo, akili ninayo, na Pimamaji ananiogopa kidogo.

Mwanao wa pekee,
msimamizi mkuu wa ujenzi

*

20 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi kusikia nyote hamjambo. Mimi sijambo, kazi inakwenda. Mwambie shangazi yako salamu zake zimefika. Hilo jino lisukutue kwa maji ya chumvi, na kama halikomi ling'olewe, usilibembeleze.

Barua yako nimeisoma pole pole, siku mbili, nikacheka peke yangu. Lakini kwenye jambo la nyumba sitanii. Jenga kama nilivyochora. Korido iwe vile vile. Choo kiwe pale pale. Mlango usiwe na ngazi, hata nusu ngazi. Hatua ni zangu.

Najua unaona ni nyumba ya ajabu. Nimevaa nguo za watu wengi mwilini mwangu kupima mishono yao, na hii ndiyo nguo ya kwanza ninayojikatia mwenyewe. Usiipunguze kiuno.

Sababu ninazo. Nitakueleza tukionana.

Baba yako

*

10 Machi

Kwa baba mwenye siri zake,

Shikamoo sana. Nakutakia afya ya chuma, mimi yangu imerudi. Jino limeng'olewa. Mganga wa meno alivuta, mimi nikavuta, akashinda yeye. Nimeliweka kwenye kibiriti nikuonyeshe ukija, lina mizizi kama muhogo. Kwa hiyo usiniulize tena habari za jino.

Msingi umekwisha. Na hapa, baba, naomba ukae kwanza.

Nimekaa na Pimamaji siku tatu tukaitazama ramani yako. Mwisho nikachukua daftari nikachora yangu, na yeye mwenyewe, ambaye hajamsifia mtu tangu azaliwe, alisema, "Hii angalau inafanana na nyumba." Nakuandikia yote wazi, sikufichi kitu.

Korido nimeifuta. Chumba chako kitafungukia sebule, sebule pana, na katikati nitaweka tao. Ndiyo, tao, kama la hoteli. Mtu akisimama mlangoni anaona hadi jikoni. Choo nimekihamisha nyuma kabisa, ng'ambo ya sebule, kiheshimike. Na mbele nitaweka ngazi tatu zenye kingo za mviringo, ambazo hakuna mwenye nazo mtaa huu.

Najua ulisema vile vile. Lakini wewe uko mbali, huoni ninachokiona. Shimo la choo halijachimbwa. Kuta za ndani hazijainuka. Ukikataa, niandikie neno moja tu, "hapana," nami nitarudi kwenye suruali yako bila kinyongo. Ukiniambia endelea, nitaendelea. Nakusubiri.

Na jambo dogo: mlango wa mbele tuupake rangi gani, kijani au bluu?

Mwanao,
mchora ramani

*

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma yote, imenifurahisha. Ninyi wazima na mimi mzima. Naona kazi inakwenda vizuri. Endelea hivyo hivyo, usikate tamaa.

Je, jino bado linakusumbua? Usukutue kwa chumvi.

Msalimie Fundi.

Baba yako

*

15 Mei

Kwa baba msikivu,

Shikamoo. Hali yako? Hapa ni shwari, shangazi anakohoa lakini anakohoa akisema, kwa hiyo hajambo.

Asante kwa ruhusa. Nilijua moyo wako ungelainika, mtu akishasikia neno tao hawezi kubaki alivyo. Ila barua yako, baba, uliiandikia mgongoni mwa punda? Mistari imepandana, mmoja umemkalia mwenzake kichwani, na neno la mwisho limetoka nje ya karatasi likaenda zake. Shangazi ameigeuza akasema huyu kaka yangu siku hizi anakunywa. Nikamtetea. Nikasema ni uchovu.

Sasa ujue kwamba paa liko juu. Kuta zote zimesimama. Tao limesimama, na juzi watu wawili waligombana wakikisia limejengwa na nani. Nilipita kati yao polepole nikajikohoza. Ngazi zimekauka, nazipanda na kuzishuka bila shughuli yoyote. Choo kimekwisha, hata harufu ya saruji mle ndani ni ya kitajiri.

Ile ramani yako ya kaki ilinyeshewa na mvua, inchi zikafutika, Pimamaji akafungia misumari. Imefanya kazi hadi mwisho, isikuume.

Kilichobaki ni plasta na rangi. Mlango nimeupaka bluu maana hukunijibu.

Mwanao,
bwana tao

*

12 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na salamu kwa shangazi yako. Mimi mwili ni mzima.

Utaona mwandiko si wangu. Anayeandika ni mama mmoja hapa kiwandani, kazi yake kushona vifungo. Mimi natamka, yeye anaandika, na nimemwomba asirembe.

Macho yangu yamekwisha. Yalianza mwaka juzi, kama mtu anayevuta pazia kutoka pembeni. Daktari alinimulika akasema hayatarudi, na kwamba kilichobaki nisikipe miezi mingi. Sikumwambia mtu. Mkata nguo asiyeona anaonyeshwa mlango siku hiyo hiyo, na mimi nilitaka paa liwe juu kwanza. Nikawa nakata kwa vidole. Mwezi uliopita nilikata mikono mitatu ya shati, yote ya kushoto. Mama huyu ndiye aliyeiona. Aliificha kwenye kapu lake la vifungo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Labda yuko mteja wa namna hiyo, lakini mimi simjui."

Sasa uelewe ile ramani. Sikuichora kwa ajili ya macho. Korido ni ya mikono miwili: wa kulia unagusa ukuta, wa kushoto unagusa ukuta, mtu hawezi kupotea. Choo kiko hatua tatu ili nisimwamshe mtu wala kumwita. Ngazi hakuna kwa sababu mimi na ngazi hatutaelewana tena.

Nyumba nzima nimeichora kwa chaki kwenye sakafu ya chumba cha kukatia, inchi kwa inchi. Mchana wenzangu wakienda kula, nabaki natembea humo. Mwanzo nilikuwa nikigonga meza. Siku hizi sigongi. Natoka kitandani, nakwenda jikoni, narudi, nakaa. Nyumba hiyo naijua kuliko wewe unayeijenga.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia mapema. Nilitaka uijenge ukiwa na hayo maneno yako ya utani. Ungejua, ungejenga umenuna, na Pimamaji angekufukuza.

Kuna jambo naona haya kulisema. Barua zako mbili za mwisho sikuzisoma. Nilikuandikia kwamba nimeisoma ile ya kwanza, na haikuwa kweli. Niliziweka kwenye gunia la vipande vya vitambaa nikingoja nipate ujasiri wa kumpa mtu anisomee, na gunia limezolewa pamoja na taka. Nisamehe. Niandikie tena ulichosema humo.

Mwenye kiwanda ameshajua na hana neno baya. Nitafika huko siku za mwisho za Agosti.

Baba yako

*

24 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua imefika. Pole sana kwa macho. Shangazi analia tangu asubuhi lakini ni mzima. Mimi pia ni mzima.

Zile barua mbili hazikuwa na jambo la maana. Zilikuwa salamu tu.

Nyumba iko kama ulivyochora. Usiwe na wasiwasi wowote. Karibu sana nyumbani.

Wako mtiifu,
mwanao

*

8 Julai

Kwa kijana wa baba yake,

Hujambo. Mimi ndiye mama wa vifungo, leo nakuandikia kwa niaba ya baba yako na kidogo kwa niaba yangu, usinijibu vibaya. Sisi huku tu wazima.

Barua yako nimemsomea. Ilikuwa fupi hata chai yangu haikupoa. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akasema, "Hakuna utani hata mmoja." Nikamwambia mtoto ana huzuni. Akasema, "Hapana. Huyu alipokuwa na miaka saba alivunja sindano ya cherehani yangu akaificha kwenye kiatu. Alikuwa na adabu siku tatu mfululizo. Aliniletea hata maji ya kunawa."

Haya sasa ni maneno yake, nayaandika anavyoyatamka.

Mwanangu, sijui umevunja nini. Naomba kitu kimoja. Simama kwenye chumba changu, kando ya kitanda, ufumbe macho, utembee hadi jikoni. Kisha niandikie ulichogusa. Nimeizoea sakafu hii ya chaki, na jana mama wa vifungo aliniuliza kama nina hakika kuta za huko ziko mahali zilipo hizi za huku. Nilimjibu haraka sana. Baadaye nikajiuliza kwa nini nilijibu haraka.

Baba yako

*

19 Julai

Baba,

Shikamoo. Na wewe mama wa vifungo, shikamoo, usiruke kitu hata kama ni kibaya.

Nilishatembea kabla hujaniambia. Siku ile niliyokuandikia kwamba nyumba iko kama ulivyochora, nikitoka posta nilikwenda moja kwa moja kiwanjani. Ilikuwa saa nne asubuhi, Pimamaji anapiga plasta jikoni. Nikachukua kile kitambaa chako cha shingoni ulichoniachia, nikafunga macho, nikasimama pale kitanda kitakapokaa. Hatua nne, nikapata mlango wa chumba. Nikajisemea, mbona rahisi. Nikatoka, nikanyoosha mikono.

Haikugusa kitu, baba. Nikaenda mbele, haikugusa kitu. Nikageuka, nikasahau nimegeuka mara ngapi. Nimesimama katikati ya sebule ambayo nimeijenga mwenyewe, kila tofali nalijua, na sikujua niko wapi. Nikaisikia sauti ya mwiko wa Pimamaji nikaifuata, kumbe mwangwi wa chumba kipana unadanganya. Nikatokea mlango wa mbele. Ngazi zangu zenye kingo za mviringo zilikuwa zinanisubiri. Nilishuka zote tatu kwa mdomo. Lile jino langu kwenye kibiriti sasa lina mwenzake.

Pimamaji alitoka akanikuta chini, macho yamefungwa, damu mdomoni. Akaniuliza, "Unacheza na nani?" Nikamsomea barua yako. Hakunitukana, na mimi nilitaka anitukane. Akaenda akaleta nyundo mbili, akanipa ile nzito.

Sasa nikuambie zile barua. Ya kwanza nilikueleza kila kitu: nimefuta korido, nimehamisha choo, naweka tao na ngazi. Nikasema ukikataa niandikie "hapana." Wewe ukajibu endelea hivyo hivyo. Kwa siku nyingi nilikuwa najiambia: baba alinipa ruhusa, karatasi ninayo. Wewe mwenyewe umeniomba msamaha kwa kutosoma. Ningeweza kuuchukua huo msamaha nikaweka mfukoni na mambo yakaisha.

Lakini nilijua. Hapo ndipo pananiuma. Nilikuandikia jino limeng'olewa, usiniulize tena, na wewe ukauliza kama bado linauma. Nilikuuliza kijani au bluu, hukutaja. Mistari ilikuwa imepandana. Sikujua ni macho, lakini nilijua, tangu dakika ile niliyofungua bahasha, kwamba barua yangu hukuisoma. Shangazi aliposema pombe nilicheka ili nisiwaze zaidi. Nilitaka tao. Nilitaka watu wapite waulize limejengwa na nani. Kwa hiyo nikachukua ruhusa ambayo sikupewa, na baadaye nikakuandikia uongo, na wewe wakati huo unatembea kwenye chaki ukiamini kuta ziko huku.

Tao limeshaanguka. Lilichukua wiki mbili kujengwa na asubuhi moja kubomolewa, na wale wale waliolisifu walisimama kutazama. Mmoja aliniuliza kama nimerukwa na akili, nikamwambia nimerudiwa nayo. Ngazi tumezivunja, kuna mteremko sasa, hata tenga la mayai litapanda salama. Kuta mbili za korido sasa zimesimama.

Kuna kisichorudi. Choo. Shimo limeshachimbwa na kujengewa upande ule, na karibu na kitanda chako Pimamaji anasema hapachimbiki tena kwa sababu tuliweka zege la sebule hapo. Tumeiendeleza korido hadi mlango wa choo, kuta pande zote mbili, hakuna uwazi hata wa kichwa. Ni hatua kumi na moja badala ya tatu. Nimezihesabu kila siku nikitumaini zitapungua.

Na ramani yako ndiyo ile niliyokuambia kwenye barua ya pili ambayo hukuisoma: ilinyeshewa, ikafungia misumari. Siikumbuki korido ilikuwa inchi ngapi. Nimeijenga kwa kunyoosha mikono yangu, na mikono yangu ni mirefu kuliko yako. Hizo hatua kumi na moja nazo ni za miguu yangu.

Ukisema huji, nitakuelewa. Ukija, nitalala mlangoni kwako hadi uzoee. Nipe kipimo.

Mwanao

*

3 Agosti

Kijana,

Natumai mdomo umepona. Sisi wazima.

Nimesoma barua yako yote, sikuruka. Baba yako alisikiliza amekaa kwenye kiti chake, mikono magotini. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale kwenye jino. Nikarudia. Nikamwuliza, "Niandike nini?" Akasema, "Usiandike." Mimi naandika kwa sababu sijaajiriwa naye.

Humu ndani ya bahasha kuna ukanda wa kitambaa cha sare. Ameukata mwenyewe, na akaniambia nisimsaidie. Una mafundo matatu. Toka ncha iliyokunjwa hadi fundo la kwanza ndio upana wa korido: alisimama, akafungua mikono viwiko vikiwa vimelegea, mimi nikashika ncha. Toka fundo la kwanza hadi la pili ni hatua yake moja, ya siku hizi, sio ile ya zamani. Toka la pili hadi la tatu ni urefu kutoka chini hadi kitasa. Usiuvute, alisema. Kitambaa hiki kinavutika.

Baada ya hapo aliniomba ndoo ya maji. Nimepiga magoti kwenye sakafu ya kukatia, mimi na umri wangu, nikafuta choo cha zamani kwa tambara. Yeye akiniongoza nikachora kipya, kule mwisho. Kwa miguu yake amekadiria hatua kumi na tatu. Siku ya kwanza aligonga meza mara mbili. Jana mara moja. Akikugonga wewe ukija kumpokea, usishangae, ni mazoea.

Anafika tarehe 29.

Mama yako wa huku,
mshona vifungo

*

14 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mama, shikamoo. Natumai mu wazima wote wawili, na magoti ya mama yamepona. Shangazi amefua mapazia mara mbili na hakuna madirisha ya kutosha. Mimi mdomo umepona, ila nikicheka kuna upepo unaingia.

Ukanda umefika. Sikuuvuta. Niliulaza kwenye korido, ncha ukutani, na fundo la kwanza halikufika ukuta wa pili. Nikaulaza sehemu nyingine. Nikaulaza sehemu ya tatu. Kote korido imezidi vidole vinne.

Pimamaji alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni la plasta, ameshaikoroga. Akasema, "Vidole vinne tu. Plasta inakula kimoja. Vitatu nani atavijua?" Na huyo ni mtu anayepima sahani. Nilimwona amechoka, baba, na mimi nimechoka, na zimebaki siku kumi na tano. Kwa kweli nilifikiri. Nilisimama na ule ukanda mkononi nikafikiri kama mtu mzima anavyofikiri akitaka kulala mapema.

Ukuta wa kushoto nimeubomoa asubuhi hii. Pimamaji alimwaga plasta, akatukana, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, na nikasikia vizuri sana moyoni. Hivi sasa tumepanga matofali hadi magotini. Utakapofika plasta itakuwa bado mbichi, ukiishika itabaki alama. Acha ibaki.

Choo ni hatua kumi na tatu na nusu kwa ukanda wako. Hiyo nusu sikuweza kuiondoa. Nimekuambia ili uijue kabla, mwongeze mama kazi ya kufuta.

Kitasa nimekihamisha. Kilikuwa juu, nilikiweka kwa ajili yangu.

Kuna swali moja nilikuuliza mwezi wa tatu na hukunijibu, na mimi nikajifanya umejibu. Mlango wa mbele nilishaupaka bluu. Wiki hii nimeukwangua wote kwa msasa, sasa ni mbao tupu. Kijani au bluu? Brashi nimeiloweka kwenye maji, na sipaki kitu hadi nisikie kwako.

Mwanao